Siku Uliyomkalisha Bibi Yako

Kabula mwanangu,

Wewe umekwenda Bugarama kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari kana kwamba Dar es Salaam watu hawali. Nimepata saa mbili tatu za kukaa peke yangu hapa zahanati, kwenye meza ile uliyokuwa ukifanyia hesabu zako za darasa la nne. Nimeurudisha mlango. Mgonjwa akibisha nitafungua, asipobisha nitaandika. Kesho alfajiri lori la pamba litakupeleka Isaka kupanda treni, na mimi najijua: nitasimama pale barabarani na sitasema lolote la maana. Nitakuuliza kama umechukua sweta.

Habari za sweta, za kufunga sanduku kwa kamba, za kutomwachia mtu tiketi yako, hizo amekwisha kukueleza mama yako mara tatu na bado zamu ya nne inakuja usiku. Mimi sina la kuongeza hapo. Wala sitakufundisha udaktari, maana nilichosoma mimi na utakachosoma wewe havikai chungu kimoja. Nakuandikia jambo moja tu ambalo limenikaa kooni miaka kumi na mitatu.

Jumapili majirani walipokuja kukupongeza, mama mmoja alikutania kwamba ukirudi na udaktari wako uanze na magoti yao wao wazee. Ukacheka, ukasema wewe utatibu watoto. "Wazee siwezi," ulisema. "Wazee wananishinda." Watu wote walicheka. Mimi nilitoka nikaenda nyuma kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Nilijua hukuwa unatania. Ninajua pia woga huo umetoka wapi, kwa sababu niliyekutia ni mimi.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Kabla hujazaliwa nilikuwa dresa katika hospitali ya mgodi wa dhahabu kule Geita. Kazi yangu ilikuwa kuosha vidonda na kufunga bandeji, lakini nilikuwa na macho ya kuiba ujuzi. Vijana walikuwa wakiletwa kutoka chini ya ardhi na mapaja yamevunjwa na mawe. Tuliwalaza chali, tukabandika plasta mguuni, tukafunga kamba kwenye ile plasta, kamba ikapita juu ya kapi, kile kigurudumu chenye mfereji, miguuni pa kitanda, na mwisho wake tukaning'iniza uzito. Kitanda upande wa miguuni tulikipandisha juu ya matofali ili mgonjwa asiburutwe na ule uzito. Wiki kumi na mbili kijana alilala hivyo, akiimba, akitukana, akicheza karata kifuani. Wiki ya kumi na tatu alianza kutembea. Nimewaona kwa macho yangu waliotoka pale wakaenda kucheza ngoma msimu huohuo.

Basi nikaamini kwamba mfupa uliovunjika unataka kitu kimoja tu, nacho ni kutoguswa. Mgodi ulipofungwa wenzangu waliondoka na mabati na mbao. Mimi niliomba kapi moja, nikapewa. Nikaenda kusomea uganga wa zahanati, nikapangiwa kazi huku karibu na Segese, na kapi langu nikalitundika ukutani. Watu wakaanza kuniita daktari. Sikuwakatalia.

Sasa njoo kwenye mwaka ule wa kuhamia vijijini, serikali ilipowakusanya watu pamoja. Ulikuwa na miaka minane. Bibi yako alihamishwa kutoka kwenye boma lake la zamani, alikokaa tangu alipoolewa, akaja kwenye nyumba mpya niliyomjengea hapa kando ya barabara. Hakulalamika. Alisema tu kwamba nyumba inamtazama vibaya. Kule bomani mlango ulikuwa upande wa machweo, hapa ulikuwa upande wa mawio, na mwili wake ulikuwa bado unaishi kule. Asubuhi moja mapema aliamka kwenda kuangalia ndama, akauendea mlango ambao haupo, akagonga ukuta, akageuka kwa haraka kama mtu aliyeona haya, na alipoupata mlango wenyewe akajikwaa kwenye kizingiti. Kizingiti kile nilikijenga mimi, tena nilikiinua ili maji ya mvua yasiingie ndani.

Nilipofika nilimkuta chini. Mguu wa kushoto ulikuwa umekuwa mfupi kuliko wa kulia, na unyayo umelala umegeukia nje. Hata leo nikiona mzee amelala na unyayo wake umegeuka hivyo, sihitaji kuuliza. Tulimpakia kwenye lori la pamba, tukampeleka hospitali, akapigwa picha. Daktari aliniambia imevunjika shingo ya mfupa wa paja, pale nyongani, na kwamba hapo hakukuwa na mtu wa kuupasua wala vyuma vya kuushikia. Alazwe, mguu uvutwe, tusubiri. Nikamjibu kwa fahari kwamba kazi hiyo naijua, nitaifanya nyumbani. Akanipa mkono. Nilirudi na mama yangu ndani ya lori lilelile, nikijiona mtoto mwenye manufaa kwa mzazi wake.

Bibi yako alitaka aitwe mama mmoja wa upande wa Segese aliyekuwa akitengeneza mifupa. Habari zake zilijulikana: mzee akivunjika nyonga, yule mama hakumlaza. Alimkalisha karibu na moto, akamwegemeza kwenye gunia, akamfunga vitambaa, akamkanda na kumzungumzisha. Wengine walipona wakabaki wanachechemea, wengine hawakupona. Mimi nilisema nyumbani kwangu hapataingia ushirikina. Wala haukuwa ushirikina, lilikuwa gunia la mtama tu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mambo yalikwenda upande: asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Unakumbuka kile kitanda cha chuma? Nilikiazima hapa zahanati. Nikalitoa kapi langu ukutani, nikapandisha kitanda juu ya matofali, na kwa kuwa sikuwa na uzito wa hospitali, niliweka mawe kwenye debe. Ulikuja ukayahesabu yale mawe, ukaniuliza kwa nini Bibi amefungwa kama ndama. Nikakwambia ndiyo dawa.

Alikuwa akikuita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao, tena kwako alizidisha kwa sababu ulibeba jina lake. Ukitoka shule ulikuwa hupiti kwa mama yako kula, unakwenda moja kwa moja kumfukuzia nzi. Nilikuwa nikisikia mnavyogombana kwa utani: nani atarithi mkufu wake, nani anampikia babu vizuri, na babu alikwisha kufa zamani. Halafu nasikia kikohozi. Halafu nasikia sauti yake inasema, "Mke mwenzangu, nikalishe kidogo." Kila siku alisema hivyo. Aliniambia na mimi pia. Nilimjibu kwamba bado wiki nane, kisha bado wiki saba, kama mtu anayemhesabia mfungwa siku zake.

Kikohozi kilizidi. Mgongo ukaanza kuchubuka, nikaupaka dawa, ukachubuka zaidi. Chakula akakisukuma kando, hata michembe, vile viazi vikavu alivyokuwa akivipenda. Nilikuwa na majibu ya kila kitu: kikohozi ni vumbi, vidonda ni joto, kukosa hamu ya kula ni uzee. Hakuna siku hata moja niliyojiuliza kama vyote vitatu vilikuwa na baba mmoja, yaani kitanda.

Wiki ya sita nilikwenda Kahama kuchukua dawa za zahanati. Nilirudi alasiri. Nikiwa bado nje nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu aanguke: bibi yako anacheka. Nikaingia. Debe la mawe lilikuwa chini sakafuni. Kamba ilikuwa imefunguliwa, tena vizuri, fundo halikukatwa. Ulikuwa umeyatoa matofali moja moja, sijui kwa nguvu gani, na umeburuta gunia la mtama mpaka kitandani, ukamwegemeza mgongo. Alikuwa amekaa. Jasho lilikuwa linamtoka kwa maumivu na macho yake yalikuwa yanawaka. Ulikuwa unamlisha uji kwa kijiko, na bakuli lilikuwa karibu tupu. Chini kulikuwa na kopo la makohozi aliyoyatoa. Alikuwa anatazama nje dirishani. Aligeuka akaniona, akaniambia kwa furaha, "Masanja, kumbe mtama umechanua."

Mimi nilikupiga kofi, mwanangu. Ulianguka, uji ukamwagika. Nikakwambia, "Unataka kumuua bibi yako?"

Hukulia. Bibi yako ndiye aliyesema. Alisema polepole, bila kunitazama, "Mtoto nimemtuma mimi. Kama kuna wa kupigwa, nipige mimi."

Nilimlaza. Nilifunga kamba, nikaongeza jiwe moja kwenye debe, nikakukataza usikanyage tena chumbani mle. Siku tisa baadaye alikufa. Homa ya mapafu ilimchukua, kama inavyowachukua wengi wanaolala chali muda mrefu. Hilo ninalijua leo. Siku zile nilisema ni mapenzi ya Mungu, na kanisani wakaniitikia.

Wakati wa matanga ulikuwa husemi. Watu walidhani ni huzuni. Siku ya tatu mama yako alikuja kwangu, akanivuta pembeni, akaniambia umemuuliza hivi: "Baba amewaambia watu kwamba ni mimi?" Alinitaka niende nikakueleze. Nikamwambia mama yako kwamba mtoto husahau.

Hapa ndipo ninapoona haya kuliko pote, kuliko hata lile kofi. Kofi nilipiga kwa hofu. Lakini ule ukimya niliuchagua. Ndani yangu kulikuwa na sauti inayoniuliza nimekosea wapi, na ulipojitwika wewe lile kosa, ile sauti ilipungua. Mtoto wa miaka minane alinibebea mzigo, na mimi mtu mzima nikamwacha aubebe kwa sababu kwangu ulikuwa umekuwa mwepesi. Sina neno la kulipamba hilo. Ndivyo nilivyofanya.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Unakumbuka jinsi tulivyokuwa tukifunga vidonge. Bahasha hatukuwa nazo. Kutoka hospitali tuliletewa mafurushi ya majarida ya zamani ya kitabibu, ya Kiingereza, yaliyokwisha kusomwa na wenyewe huko. Tuliambiwa yatusaidie kujiendeleza. Mimi niliona karatasi nzuri, ngumu, safi. Nilizichana nusu kwa nusu kwa rula, nikazipanga kwenye boksi pale dirishani, na kila mgonjwa niliyempa vidonge alivipata vimekunjwa ndani ya nusu ukurasa. Ukaja ukajifunza kukunja vizuri kuliko mimi. Hakuna dresa wala mganga wa zahanati niliyemfahamu ambaye hakufanya hivyo, na hakuna aliyeona ubaya wake.

Miezi kama minne baada ya msiba alikuja Bi Mwanaidi, yule mama aliyekuwa akiuza vitumbua pale Segese, Mungu amrehemu. Alikuwa amekuja kwa homa ya mjukuu wake. Alikuwa na desturi ya kutunza karatasi zetu za dawa ili afungie vitumbua, kwa hiyo za kwetu zilikuwa zikifanya kazi mara mbili. Lakini moja hakuifungia kitu, kwa sababu ilikuwa na picha. Aliitoa kwenye pindo la khanga, akainyoosha mezani. Ilikuwa picha ya bibi wa Kizungu ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, na pembeni yake umechorwa mfupa wa nyonga umepigiliwa kitu kama msumari.

"Daktari," aliniambia, "huyu naye si kavunjika palepale kama marehemu mama? Mbona yeye kakaa?"

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya chumvi. Nilimpa dawa za mjukuu wake, nikamwomba ile karatasi, akaniachia. Alipoondoka nilifunga mlango mchana kweupe, nikatafuta kamusi. Kiingereza changu unakijua, kinachechemea. Nilisoma ile nusu ukurasa kuanzia mchana mpaka jua likapungua.

Ilisema kwamba zamani madaktari walikuwa wakiwalaza wazee waliovunjika nyonga, mguu ukivutwa kwa wiki nyingi, na kwamba wengi walikufa. Nyonga haikuwa imewaua. Kilichowaua ni mapafu, vidonda vya mgongo na damu iliyoganda miguuni. Kwa hiyo sasa wanaushika mfupa kwa chuma, na mzee anakalishwa siku za mwanzo kabisa, anapumua, anakula, anatazama nje. Halafu ikaanza sentensi nyingine, kuhusu wale wazee ambao haiwezekani kuwapasua. Wale wa mahali pasipo mpasuaji wala vyuma. Yaani mama yangu. Na papo hapo karatasi ikaisha, kwa sababu hapo ndipo nilipopitisha rula.

Nililipekua boksi lote. Nilipekua mafurushi. Kesho yake nilianza kupita kwa wagonjwa nyumba kwa nyumba, nikiuliza kama wana karatasi za dawa. Walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba, lakini waliniitikia salamu yangu ya ng'wangaluka, wakanitafutia. Nyingi zilikwisha kusokotewa tumbaku. Moja nilikuta imejalidiwa daftari la shule. Nusu yangu sikuipata. Nilizichana zile karatasi wiki zilezile ambazo mama alikuwa amelala nyumba ya pili, hatua chache kutoka hapa ninapokaa, na vidonge vyake vya kikohozi nilimfungia humohumo. Nilikuwa nikimpelekea dawa ndani ya jibu, na jibu lenyewe nalitupa.

Kwa nini sikukwambia siku ile? Ulikuwa umekwisha kuanza kucheka tena, nikasema nisikuchokoze. Mwaka uliofuata nikasema bado mdogo. Kisha ukaenda sekondari ya bweni, kisha Jeshi la Kujenga Taifa, na kila likizo nilijiandaa, na kila likizo iliisha. Lililonitesa ni kuona kila mgonjwa mzee akiingia zahanati, wewe unatokea mlango wa nyuma.

Miaka minne baadaye alipita hapa daktari wa mifupa kutoka Mwanza, aliyekuwa akizungukia zahanati. Nilimwonyesha ile nusu ukurasa. Aliisoma, akatabasamu, akaniambia mambo yamekwisha kukimbia mbele. Alinieleza hapahapa kwenye benchi, tukinywa chai ya mama yako. Kwanza, alisema, watafiti walihangaika na namna ya kuutuliza mfupa. Kisha wakabishana ni chuma cha namna gani. Kisha wakaacha kuutazama mfupa peke yake, wakamtazama mwenye mfupa: akae lini, asimame lini, nani anamlisha. Na siku hizi wameanza kuuliza maswali ya nyuma zaidi: kwa nini mifupa ya kina mama inakuwa myepesi uzeeni, na kwa nini mzee anaanguka hasa. Niliposikia hilo la mwisho nilifikiria kizingiti changu. Nilimuuliza kama kuna mahali wameandika kuhusu mzee aliyehamishwa nyumba, mlango ukabadilika upande. Alifikiri, akasema hajaona. Wazee waliochunguzwa wengi ni wa nchi za baridi, wanaoteleza kwenye barafu. Mabibi wa Kisukuma hakuna aliyewauliza.

Nikamuuliza na lile lililokuwa likinila: asiyeweza kupasuliwa afanyiweje? Alisema kwa maoni yake naye akalishwe mapema, apewe dawa ya maumivu, ageuzwe, asiachwe alale tu, hata kama mguu utabaki mfupi. Lakini aliongeza kwamba hayo ni mazoea yake, na kwamba jambo hilo lingestahili kuchunguzwa vizuri mahali kama hapa, maana huko kwenye vyuma vingi hawana haja ya kuliuliza.

Tangu hapo nawakalisha. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyeanguka kisimani. Nilipomkalisha alipiga kelele mpaka wanawe wakataka kunitoa meno. Yule yupo, anatembea kwa fimbo, anakwenda upandeupande na bado ananitukana. Wa pili alikufa, pamoja na kukalishwa. Mwingine aliishi akiwa amekaa tu, hakusimama tena, lakini alikuwa akipepeta mtama mlangoni na kuwakaripia wajukuu. Kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba bibi yako angepona. Mtu akikuapia habari za mfupa wa mzee, mkimbie. Ninachoweza kukuapia ni kwamba alasiri ile uliyomkalisha alikula karibu bakuli zima la uji, alikohoa akatoa makohozi yaliyomkaba wiki nzima, akacheka, akaona shamba. Katika wiki zote alizolala chini ya kapi langu, hiyo ndiyo siku moja aliyotibiwa, na aliyemtibu ni wewe.

Kabula, hukumuua bibi yako. Ningepaswa kukwambia siku ya tatu ya matanga, nikiwa nimepiga magoti.

Sikuombi ukatibu wazee. Tibu watoto, tibu macho, tibu utakacho. Nataka tu ukichagua, uchague kwa kupenda, usichague kwa kukimbia chumba kile.

Nimekuwekea ile nusu ukurasa ndani ya barua hii. Nimeikunja kama tunavyokunja vidonge, utaijua. Huko uendako nasikia kuna maktaba yenye majarida mpaka darini, hayajachanwa. Ukipata nafasi, siku moja, si lazima mwaka huu, nitafutie nusu nyingine. Uniandikie ile sentensi iliishaje. Kama utakuta haikusema lolote la maana, niandikie hivyo hivyo, nami nitaridhika. Na kama utakuta hakuna aliyewahi kuimalizia, hapo utajua mwenyewe la kufanya.

Nimeanza kukukumbuka, na hata hujarudi kutoka Bugarama. Kila baiskeli inayopita barabarani nanyanyua kichwa. Mama yangu namkumbuka hivyo hivyo mpaka leo. Mtama ukichanua sipiti upande wa lile dirisha. Kesho nitakuwa na wawili wa kuwakumbuka, na hii zahanati itakuwa kimya sana.

Limebaki moja, nalo sijapata kumwambia hata mama yako.

Ile siku ya mwisho ilikuwa mchana. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nimeshika mkono wake. Pumzi zilikuwa zimebaki chache. Alifumbua macho, akanitazama vizuri, akanijua. Kisha akasema, "Mwite mke mwenzangu, aje anikalishe."

Ulikuwa nyuma ya jiko, umejikunyata. Nilikuwa nakuona kupitia dirishani. Ningenyanyua sauti kidogo tu ungesikia. Lakini nilikuwa nimekukataza kuingia, na niliona haya kulitangua neno langu. Nikamwambia mama unakuja. Akasubiri. Alisubiri akitazama mlangoni mpaka mwisho.

Sikukuita, mwanangu. Nakuita leo. Bibi yako anataka kukaa.

Baba yako,
Masanja